MCHEZA KWAO HUTUNZWA? Raga, nidhamu na posho

Nipo nyumbani Mbozi Mission kwa likizo, kahawa ipo, bando lipo la kuungaunga, kwa hiyo leo tunaongea. Najua wengi mnapita huku kutafuta habari za chuo, nani kakamatwa sapu na nani kapata mchumba. Leo mtanisamehe. Nataka tuzungumze raga, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai ambao ukiuweka kwenye kibanda umiza chochote kuanzia Vwawa mpaka Tunduma wateja wote wanadai hela yao.

Mi naupenda. Nautazama kwenye simu, vipande vipande, usiku ambao intaneti haisumbui. Na kwa miaka kadhaa sasa kuna neno moja ambalo kila nikisoma habari za raga ya majirani zetu Wakenya nalikuta: nidhamu. Timu ikishinda, ni nidhamu. Timu ikichapwa, wachezaji hawana nidhamu, wanakunywa, wamevimba vichwa, wanapenda hela. Sisi tunaosomea ualimu tunalipenda mno neno hili. Fungua ripoti yoyote ya mazoezi ya kufundisha uone limetajwa mara ngapi. Lakini je, historia inasema nini? Nani hasa alikosa nidhamu wakati timu ilipoporomoka? Hilo ndo swali la leo.

KWANZA, KADI YA NJANO INAUMA KIASI GANI

Kwa ambao hawajui: raga kamili ina wachezaji 15 kila upande na dakika 80. Unaubeba mpira mkononi, unakimbia, unaruhusiwa kumpasia mwenzako aliye nyuma yako au sambamba nawe tu, ukifika nyuma ya mstari wa goli la wenzio unaugusisha chini. Hiyo ni trai, pointi 5. Ukipiga mkwaju wa nyongeza ukapita kati ya milingoti, unaongeza 2. Penalti ni 3. Anayebeba mpira unaweza kumkamata na kumwangusha, lakini kwa masharti: usimguse shingoni wala kichwani, usimwinue na kumbwaga, usimvamie akiwa hana mpira.

Halafu kuna raga ya wachezaji saba kila upande, na hii ndiyo iliyowapa Wakenya jina duniani. Uwanja ni uleule, watu nusu, na mechi nzima ni dakika 14 tu, saba kila kipindi. Sasa fanya hesabu. Kadi ya njano kwenye raga ya saba ni kukaa nje dakika 2. Mbili kati ya 14 ni moja ya saba ya mchezo wote! Na uwanja ule wa kulindwa na watu saba unalindwa na sita. Wapinzani wanaweza kukufunga trai mbili kabla mwenzako hajarudi. Kwenye soka mtu akipata njano anafuta jasho anaendelea. Kwenye raga timu nzima inalipa, na inalipa palepale.

Kingine ni heshima kwa mwamuzi. Nahodha ndiye anayezungumza naye, wengine mnyamaze. Kuna refa maarufu wa Wales, Nigel Owens, mwaka 2012 kule Treviso, Italia, alimwita mchezaji aliyekuwa anamlalamikia akamkumbusha mbele ya kamera kwamba kazi ya kuamua ni yake, na kwamba huu si mpira wa miguu. Hebu fikiria refa wetu akiwaambia hivyo wale kumi wanaomzunguka siku ya Simba na Yanga...

Kwa hiyo nidhamu ya uwanjani ni kitu halisi, kinahesabika kwa pointi. Fainali ya Kombe la Dunia tarehe 28 Oktoba 2023 jijini Paris ni ushahidi. Sam Cane, nahodha wa New Zealand, alimkaba mpinzani sehemu ya juu, akatolewa kwa njano, waamuzi wakairudia picha na kuibadilisha kuwa nyekundu kabla ya mapumziko. Hakuna mwanaume aliyewahi kupewa nyekundu kwenye fainali ya Kombe la Dunia kabla yake. Siya Kolisi, nahodha wa Afrika Kusini, naye alipata njano mechi hiyohiyo, ila yake ilibaki njano. Afrika Kusini ilishinda 12-11. Pointi moja! New Zealand walikosa pia mikwaju, sawa, lakini kucheza muda mrefu namna ile mkiwa 14 kwenye fainali, si mchezo.

MANAHODHA WAWILI KUTOKA HUKO NG'AMBO YA MPAKA

Sasa hapa kuna kitu ambacho watu wa Tunduma wangepaswa kukijua. Sisi tukivuka mpaka pale tunaingia Nakonde, Zambia, na barabara ile inakwenda mpaka Lusaka. Lusaka ndiko walikozaliwa wanaume wawili waliokuja kuwa manahodha wa mataifa makubwa ya raga kwa wakati karibu mmoja. George Gregan alizaliwa 1973, akapelekwa Australia akiwa mtoto mdogo, akaichezea mechi 139 na kuwa nahodha wake kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 2003 pale Sydney, ambayo Uingereza ilishinda 20-17 baada ya muda wa nyongeza. Corné Krige alizaliwa 1975, akakulia kusini, akawa nahodha wa Afrika Kusini.

Habari ya Krige ndiyo inayonihusu leo. Tarehe 23 Novemba 2002 Afrika Kusini ilikwenda kucheza na Uingereza uwanja wa Twickenham, London. Dakika ya 23 tu mchezaji wao Jannes Labuschagne alimvamia Jonny Wilkinson aliyekuwa ameshauachia mpira, nyekundu, nje. Badala ya kutulia, waliobaki waligeuza mechi kuwa ugomvi. Nahodha mwenyewe alionekana kwenye picha za marudio akirusha mikono na viwiko, na pigo lake moja likamwangukia mwenzake wa timu yake! Matokeo: Uingereza 53, Afrika Kusini 3. Baadaye Krige alikiri hadharani kwamba alijionea aibu.

Hiki ni kisa cha kweli cha kukosa nidhamu kwa wachezaji, na hakuna wa kumsingizia. Nahodha akichemka, timu nzima inachemka. Nimekitaja mapema ili mtu asije akasema mimi natetea wachezaji kwa kila kitu. Sitetei. Ila nataka tujue kutofautisha kisa cha namna hii na visa vingine vinavyopewa jina hilohilo.

KWA NINI HATUCHEZI RAGA MBOZI

Kidogo turudi nyuma. Raga ni mchezo uliotoka shuleni. Masimulizi yanasema mwaka 1823 kijana mmoja wa shule ya mji wa Rugby, Uingereza, William Webb Ellis, aliudaka mpira akakimbia nao. Wanahistoria wanayatilia shaka masimulizi hayo, lakini Kombe la Dunia limepewa jina lake. Lenye uhakika ni kwamba shule ile, wakati na baada ya mwalimu mkuu Thomas Arnold (1828 hadi 1842), ikawa mfano wa shule za Kiingereza zilizoamini kwamba michezo inamjenga kijana awe mtiifu na awe mtawala. Waliosoma huko ndio waliotawanyika kwenye makoloni, na mpira wao wakaubeba.

Huku kwetu waliotangulia ni wengine. Wamisionari wa Moravian, Wajerumani, walifika Rungwe 1891 na kuanzisha misheni hapa Mbozi 1899. Walileta kanisa, shule na hospitali. Raga haikuwamo kwenye mizigo yao. Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya Vita ya Kwanza, mchezo ulibaki kwa wazungu wa mijini na kwenye klabu zao. Soka haikuhitaji kitu zaidi ya matambara na kamba, ikaingia kila kijiji, habari ikaisha.

Kenya ilikuwa tofauti kwa sababu ya walowezi. Wazungu walikuwa wengi, wakawa na klabu, na wakajengewa shule za watoto wao Nairobi: Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School, na Duke of York, ambayo leo ni Lenana School. Milango ya shule hizo ilipofunguliwa kwa Waafrika karibu na uhuru wa 1963 na baada yake, vijana waliingia wakaukuta mchezo, wakauchukua. Na sasa wanachuo wenzangu tegeni sikio: mwaka 1977 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliunda timu yao, Mean Machine, na mwaka huohuo wakabeba Kenya Cup mbele ya klabu kongwe. Wanafunzi! Watu wanaokula kama sisi!

Mnaona kitu hapo? Mchezo ulioletwa kuwafundisha vijana wa kizungu kutawala ulichukuliwa na vijana wa Kiafrika wakaufanya wao. Lakini nadhani kuna tabia moja ya kale ilibaki kwenye uongozi, ile ya kudhani nidhamu inatoka chini kwenda juu tu. Mdogo amtii mkubwa. Mkubwa yeye anamtii nani?

SHUJAA: KUPANDA NA KUSHUKA

Timu ya Kenya ya raga ya saba inaitwa Shujaa. Hebu tuifuate mwaka kwa mwaka, kama tunavyofundishwa kwenye somo la historia, chanzo na matokeo.

Machi 2009, Kombe la Dunia la raga ya saba, Dubai. Kenya chini ya kocha Benjamin Ayimba inaichapa Fiji 26-7 kwenye robo fainali na kufika nusu fainali, inatolewa na Argentina. Fiji, jamani! Fiji kwenye raga ya saba ni kama Brazili kwenye soka.

Msimu wa 2012/13 yupo kocha Mwingereza, Mike Friday. Kenya inafika fainali ya mashindano ya Wellington, New Zealand, inafungwa na Uingereza 24-19 kwenye muda wa nyongeza. Inamaliza Msururu wa Dunia nafasi ya 5, na Kombe la Dunia la Moscow 2013 inafika tena nusu fainali. Baada ya hapo Friday anaondoka, makocha wanabadilishwa, kiwango kinayumba.

Ayimba anarudi. Tarehe 17 Aprili 2016, Singapore, fainali: Kenya 30, Fiji 7. Ubingwa wa kwanza wa Kenya katika historia ya Msururu wa Dunia! Niliitazama mechi ile miaka mingi baada ya kuchezwa na bado nilipiga kelele mpaka nikagongewa ukuta. Mwezi uliofuata, jijini London, Collins Injera aliivunja rekodi ya Santiago Gómez Cora wa Argentina ya trai 230 na kuwa mfungaji bora wa wakati wote wa Msururu huo, mpaka alipopitwa na Dan Norton wa Uingereza.

Halafu Agosti 2016, Olimpiki ya Rio. Kenya inapoteza mechi zote tatu za kundi na kumaliza ya 11 kati ya timu 12. Fiji, waleule waliochapwa 30-7 miezi minne nyuma, wanachukua dhahabu kwa kuifunga Uingereza 43-7.

Miezi minne! Wakati huo lawama zilikwenda kwa wachezaji kama kawaida. Lakini Rio hiyohiyo ndiyo Olimpiki ambayo msafara mzima wa Kenya, si raga peke yake, uligeuka kashfa: vifaa vya wanamichezo vilipotea, fedha zilitumika ovyo, viongozi wa kamati ya Olimpiki wakakamatwa. Kesi ilichukua miaka. Septemba 2021 mahakama ya Nairobi ilimtia hatiani aliyekuwa waziri wa michezo na kumtoza faini ya shilingi milioni 3.6 za Kenya, na aliyekuwa mkuu wa msafara akapata adhabu kubwa zaidi. Sisemi kwamba ndiyo sababu Shujaa walifungwa. Mechi hufungwa kwa mambo mengi. Nasema hivi: mwaka ule ambao vijana waliambiwa hawana nidhamu, mahakama ilikuja kumpata nani na hatia?

NEMBO ILIYOFICHWA

Sasa tuje kwenye kisa ambacho kwangu ndicho kiini cha habari yote.

Msimu wa 2017/18 Shujaa walikuwa moto. Kocha ni Innocent Simiyu, mchezaji wa zamani wa timu hiyohiyo. Machi 2018 fainali ya Vancouver, Aprili fainali ya Hong Kong, zote wakafungwa na Fiji, lakini fainali mbili kwa msimu mmoja si haba. Wakamaliza Msururu nafasi ya 8 wakiwa na pointi zaidi ya 100.

Mashindano ya mwisho ya msimu ni Paris, Juni 2018. Kwenye jezi kifuani kulikuwa na nembo ya kuitangaza Kenya, iliyowekwa na mdhamini wa serikali. Wachezaji wakaingia uwanjani wameifunika. Sababu waliyoitoa ni fedha walizoahidiwa na ambazo hazijawafikia. Hawakugoma kucheza. Hawakumpiga mtu. Walicheza mechi, wakakaba, wakakimbia, ila nembo haikuonekana.

Nairobi pakawaka. Utovu wa nidhamu! Aibu kwa taifa! Wachezaji wakaitwa wajieleze. Baadaye mwaka huohuo Simiyu hakuendelea na kazi, akateuliwa kocha mwingine. Mikataba mipya ikaja na malipo ya chini, wachezaji wazoefu wakakataa kusaini, na Desemba 2018 kwenye mashindano ya Dubai ikapelekwa timu ya vijana wageni. Wale vijana walijitahidi, lakini huwezi kumpeleka mwanafunzi wa kidato cha kwanza akafanye mtihani wa kidato cha sita halafu ukamlaumu. Kutoka nafasi ya 8 mwaka 2018, Kenya ilimaliza ya 13 mwaka 2019.

Kuna methali ya Kiswahili tunaifundisha shule za msingi: mcheza kwao hutunzwa. Maana yake anayecheza kwao, watu wake humtuza. Sasa wale vijana walikuwa wanacheza kwao, wamevaa jina la kwao kifuani, na tuzo haikufika. Kuna nyingine: ahadi ni deni. Kwa hesabu hiyo, siku ile ya Paris mdaiwa alikuwa nani na mdai alikuwa nani? Na kwa nini aliyeitwa kujieleza ni mdai?

Najua kuna atakayesema: lakini nembo ya nchi, mwanangu, haifunikwi. Naelewa. Mimi pia nisingependa kuona mtu ameifunika bendera yetu. Ila niambieni njia nyingine ambayo mchezaji analipiwa tiketi na yuleyule anayemdai angeweza kuitumia akasikilizwa. Kuandika barua? Barua zinajibiwa?

Wanachuo tunaujua huu mchezo bila kufundishwa. Boom likichelewa, angalia kipindi cha saa moja asubuhi kina watu wangapi. Halafu anasimama mtu mbele anasema kizazi hiki hakina nidhamu ya masomo. Hajauliza watu wamelala wamekula nini.

KUSHUKA DARAJA, NA KURUDI

Msimu wa 2022/23 Msururu wa Dunia ulikuwa unapunguzwa timu ziwe 12 tu. Magazeti ya Nairobi yaliandika msimu ule tena na tena habari za mishahara kuchelewa. Mei 2023, London, Kenya ilihitaji kuifunga Canada ibaki. Ikafungwa 12-7. Trai moja! Timu iliyokuwa miongoni mwa wakubwa kwa karibu miaka 20 ikashuka daraja.

Lakini tazameni kilichofuata. Septemba 2023 Harare, mashindano ya Afrika, Kenya inaifunga Afrika Kusini 17-12 kwenye fainali na kukata tiketi ya Olimpiki ya Paris 2024. Juni 2024 Madrid, chini ya kocha Kevin Wambua, inaifunga Ujerumani 33-15 na kupanda tena. Mwaka mmoja tu na mwezi tangu ilipoanguka. Kama kweli tatizo lilikuwa damu ya Wakenya, tabia zao, pombe zao, damu hiyo ilibadilishwa lini?

FIJI WALIFANYA NINI

Kuna hoja moja ya upande wa pili lazima niijibu. Mtu anaweza kusema: Fiji nao maskini, mbona wanashinda?

Ni kweli. Kocha Mwingereza Ben Ryan alipochukua Fiji mwaka 2013 chama hakikuwa na hela, na yeye mwenyewe alikaa miezi ya mwanzo bila mshahara. Na alikuwa mkali kweli! Alikata vyakula vya hovyo kambini, akawapima pumzi, akawakimbiza kwenye vilima vya mchanga vya Sigatoka mpaka watu wakatapika. Asiyefikia kiwango, jina kubwa au dogo, alibaki nyumbani. Hiyo ni nidhamu ya wachezaji, tena ya chuma.

Lakini angalieni aliyeidai alikuwa nani. Ni mtu aliyekuwa anavumilia shida ileile. Hakuwaambia wavumilie huku yeye analala hoteli na kulipwa. Na walipoleta dhahabu, medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi yao, Fiji ilichapisha noti ya dola 7 yenye picha ya timu, nahodha wao Osea Kolinisau na kocha wao. Noti ya 7, kwa sababu ni wachezaji saba! Yaani mcheza kwao hutunzwa wameichapisha benki kuu.

Kwa hiyo jibu langu si kwamba hela inaleta ushindi. Watu hukubali kubanwa, tena kubanwa sana, na mtu ambaye naye anabanwa na neno lake mwenyewe. Anayedai uwahi mazoezini saa kumi na moja alfajiri naye posho aliyosema italetwa Ijumaa ailete Ijumaa. Akishindwa, aje aseme mwenyewe, asitume mtu. Hapo ndipo anapata haki ya kukasirika ukichelewa.

Na ndiyo maana nilianza na Krige. Kuvamia mtu asiye na mpira ni utovu wa nidhamu, adhabu yake ni kadi, na kadi inatolewa palepale mbele ya watu wote, mwamuzi anaeleza kosa. Kufunika nembo kwa sababu hujalipwa ni kudai. Tukiviita vitu hivi viwili kwa jina moja, tutakuwa tunawaadhibu wanaodai na kuwasahau wanaodaiwa. Tena ukweli mchungu ni kwamba mchezaji anayo kadi ya njano na nyekundu, kiongozi hana. Kiongozi alisubiriwa na mahakama kwa miaka mitano.

Wenzangu wa ualimu, mwakani tunaingia madarasani. Tutakuta daftari la makosa ofisini, lina safu ya jina la mwanafunzi, kosa, adhabu. Mimi nina mpango wa kuweka ukurasa mmoja wa nyuma wa ahadi zangu mwenyewe: nimesema nitarudisha mitihani lini, nimeirudisha lini. Wanafunzi wausome wakitaka. Mkuu wa shule akiniuliza, nitamwonesha mechi ya Singapore kwanza, halafu ya Paris.

Mnaonaje wadau? Hasa nyie mnaosema nimewapendelea wachezaji, na wewe jirani yangu wa hosteli uliyegonga ukuta, karibuni tubishane. Na kama kuna mtu Tunduma mwenye mpira wa raga hata uliochakaa anishtue, uwanja hapa Mbozi Mission upo, vijana wenye mbio wapo, kinachokosekana ni yai lenyewe.

Kwa leo naishia hapa, bando linakata. Tuko pamoja.